Mafuta ya Wagonjwa

Watu wengi wa Rumonge waliingia katika mpango wa mjomba wangu kwa sababu yangu. Nalisema hilo mwanzo kabisa, lisije likafichika katikati ya maneno mengine. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa wake za wavuvi kule mwaloni hadi kwa Warundi wenye michikichi chini ya vilima, nikaketi nao mkekani na kuwaambia kwamba wakitoa kibuyu kimoja cha mawese kila mwezi ukiandama, hawataugua peke yao tena.

Ilikuwa zamani za Wadachi. Boma lao lilikuwa Usumbura, na sisi huku tuliwaona askari wao mara nyingi kuliko tulivyowaona wenyewe. Nilikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni. Mume wangu alikuwa seremala wa mitumbwi, mtu asiyesema mengi, na mikono yake ilinuka lami ya miti hata siku ya Idi. Mjomba ndiye aliyenilea baada ya mama yangu, dada yake, kufariki. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, aliyehamia kwetu kwa biashara ya mawese na chumvi ya Uvinza. Kwake nilijifunza kusoma juzuu, kupima mafuta bila kumwaga, na kumtazama mteja usoni. Hakuwahi kunipiga. Mkewe alinipiga, yeye hakunipiga hata siku moja, na jambo hilo lilinifanya nimpende kuliko mtu yeyote aliye hai.

Mpango wenyewe ulianza na msiba. Mwanamke mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa kwa siku mbili, mtoto hatoki. Mkunga aliyejua kazi hiyo alikaa upande wa Muhuta. Vijana walioombwa kumbeba mgonjwa walitaka walipwe kwanza, na mumewe alikuwa safarini. Walipokuwa bado wanabishana, yule mwanamke alikufa, na mtoto tumboni. Siku ya mazishi nilimwona mjomba akilia huku ameshika kanzu yake mbele ya uso. Jioni yake aliniita barazani.

"Mwanangu," aliniambia, "mtu asife kwa kukosa wa kumbeba. Watu wakiweka kitu pamoja wakiwa wazima, siku ya ugonjwa kitakuwapo."

Mpaka leo naamini kwamba siku ile alisema kweli. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Angekuwa mwongo tangu mwanzo, ningekuwa nimesahau.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila nyumba ingetoa kibuyu chake cha mawese. Mjomba angeyauza mafuta Usumbura au Ujiji, na kwa mapato yake angeweka machela na wabebaji wake, mtumbwi na wapiga kasia, dawa za mganga, na chakula cha nyumba ambayo mwenye kuitafutia riziki amelala. Watu wakauita mpango huo Machela. Ukimuuliza mtu kama yumo Machela, alijua unauliza nini.

Wanaume walikuwa wazito kuelewa. Wanawake walielewa upesi, maana ndio waliokamua mawese na ndio waliouguza. Kwa hiyo mjomba alinituma mimi. Nilikwenda na kibuyu cha kipimo mkononi, watu wakaniita mwenye kibuyu. Mtu wa mwisho kukubali alikuwa mjane mmoja wa Kirundi aliyekaa njia ya kwenda Bugarama, mwenye michikichi mizuri kuliko yote ya upande ule. Alikuwa mpole, lakini si mwepesi wa kuamini.

"Na nikiugua mimi, mama peke yangu hivi, iko nani atakuja?" aliniuliza.

"Nitakuja mimi," nilimwambia.

"Wewe, ama mujomba wako?"

"Mimi na mjomba ni kitu kimoja."

Alinitazama kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na kibuyu kilichojaa mpaka shingoni. Tangu siku hiyo aliniita mwana wanje, mwanangu, na kila nilipopita alinipa ndizi za kuivisha au kiganja cha maharage. Mwanangu alijifunza kutembea katika ua wake.

Mwaka wa kwanza Machela ilikuwa fahari yetu. Mhunzi wetu aliunguzwa mguu na chuma cha moto, ukavimba hadi gotini. Wabebaji walikuja siku hiyo hiyo, mganga akaletwa, na kwa miezi miwili mkewe alipokea mihogo na dagaa bila kuomba. Mhunzi alipopona alimshika mjomba mikono mbele ya msikiti. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kumshawishi mtu. Walikuja wenyewe na vibuyu vyao.

Mafuta nayo yalipanda bei. Askari waliyataka, wachuuzi wa Usumbura waliyataka. Mjomba alinunua mtumbwi wa pili, kisha jahazi dogo lenye tanga, la kwenda Ujiji. Alijenga nyumba ya matofali mabichi yenye mlango uliochongwa. Mimi niliposikia watu wakiusifu mlango ule, nilifurahi kama vile ni wangu. Halikunijia kabisa swali la mlango umetoka wapi. Mume wangu ndiye aliyeniuliza siku moja, akiwa anachonga, bila kuinua kichwa.

"Lile jahazi ni la mjomba, au la Machela?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Mimi nauliza tu," alisema, akaendelea kuchonga.

Kisha ugonjwa wa malale ukafika. Ulikuja kutoka kusini, ukifuata ufuko kijiji kwa kijiji, mahali ambapo vichaka vinashuka mpaka majini na mbung'o ni wengi. Mtu alianza kwa homa na kichwa kuuma, tezi za shingo zikavimba, mwisho akawa analala mchana wakati watu wako kazini. Tulimwona mvuvi mmoja akisinzia akiwa amesimama, wavu mkononi. Wadachi waliweka kambi ya wagonjwa upande wa kusini, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa mtumbwi, na daktari wao alidunga sindano bure. Lakini kufika ilikuwa juu yako, na mgonjwa alihitaji mtu wa kumpikia na kumshika mkono.

Sisi hatukuwa na hofu sana. Tulisema, hii ndiyo kazi ya Machela.

Wagonjwa wawili wa kwanza walipelekwa. Wa tatu, mjomba aliuliza kama nyumba yake imewahi kuruka mwezi. Ilikuwa imeruka, mwezi wa mfungo, kwa hiyo hakupelekwa. Wa nne alikuwa hajaruka, lakini mjomba alisema alianza kuugua kabla ya kuingia, maana watu walimsikia akilalamika kichwa. Nilimwendea mjomba, nikamuuliza sharti hilo limetoka wapi, mbona sikuwahi kulisema kwa watu.

"Hukulisema kwa sababu hukuuliza," alijibu kwa upole. "Mwanangu, lazima pawe na mpaka. Mpango usio na mpaka utakufa, halafu hata mwenye jeraha atakosa."

Nilimwamini. Nilirudi nikawaeleza wanawake kuhusu mpaka, kwa maneno yake, kana kwamba ni yangu.

Siku nilipomkuta yule mjane amelala uani, jua likimpiga usoni, mafuta yakiungua motoni pembeni yake, nilijua kabla sijamgusa. Nilipapasa shingo yake kwa nyuma. Vilikuwepo vinundu, kama maharage chini ya ngozi. Aliamka, akaona mkono wangu ulipo.

"Nimetoa kila mwezi," alisema baadaye. "Hata ule mwezi mutoto wa dada yangu alikufa, nilitoa."

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyepokea."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Alikuwa akikagua tanga jipya la jahazi, limetandazwa uani, na fundi amepiga magoti juu yake. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia fundi aendelee, akanipeleka kivulini.

"Malale hayamo," alisema.

"Hayamo wapi?"

"Katika Machela. Ugonjwa ule hauna mwisho. Mtu anakaa kambini miezi, anakula, anauguzwa, halafu anakufa vilevile. Serikali ndiyo iliyojenga kambi, Serikali iwabebe."

"Mjomba, huyu hajaruka hata mwezi mmoja."

"Sikusema ameruka. Nimesema malale hayamo."

"Lini yalitoka?"

Alinishika bega kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akaniambia niende nyumbani nimpikie mume wangu.

Sikwenda kupika. Nilikwenda kwa mke wa mhunzi, naye akaenda kwa wengine, na Ijumaa ile baada ya sala watu walijaa kwenye baraza ya mjomba, wanaume mbele, wanawake tumesimama uani. Warundi wa chini ya vilima nao walishuka. Sijawahi kusikia mjadala kama ule. Walikuwa watu wa kawaida, wenye samaki na mihogo ya kushughulikia, lakini waliongea kama makadhi.

Mhunzi alianza. "Mafuta ni yetu. Tumeyatoa kwa ajili ya wagonjwa. Kama yamezaa jahazi, basi jahazi ni la wagonjwa."

Muuza chumvi mmoja, rafiki wa mjomba, akasimama upande wake. "Jahazi likizama, mtamlipa? Mafuta yakiharibika njiani, mtamlipa? Mwenye kubeba hatari ana haki ya faida. Asipopata kitu, nani atahangaika na vibuyu vyenu?"

"Apate kitu," mvuvi mmoja mzee alisema. "Hatukatai apate. Lakini faida imekuwa inapatikana kwa kuwaacha wagonjwa. Kila anayekataliwa, tanga linaongezeka."

"Malale yatamaliza kila kitu," muuza chumvi alisema. "Mkitaka wote wapelekwe, baada ya miezi mitatu hakuna Machela."

"Basi tuambiwe kilichopo, tukate shauri sisi," mhunzi alisema. "Kikiisha, kiishe tunaona."

Nilisikia watu wakiguna kukubali. Hapo mjomba akainua mkono. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na sauti yake ilikuwa ya utulivu ule ule niliokuwa nikiupenda.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sikupita kwenye nyumba hata moja. Hakuna aliyesikia kinywa changu kikisema malale yamo. Kama kuna mtu aliyewaahidi kila ugonjwa, muulizeni yeye. Alikuwa kijana, labda alitaka kuwafurahisha. Mimi simlaumu. Lakini msinidai maneno niliyosemewa na mwanamke."

Kisha akageuka na kunitazama uani, macho makavu kabisa.

Watu wote waligeuka. Naikumbuka sauti ya kanga na nguo zikigeuka kuliko maneno yoyote. Mke wa mhunzi aliyekuwa amenishika kiwiko aliniachia. Nilifungua mdomo kusema kwamba ni yeye aliyenituma, kwamba nilisema aliyonifundisha, lakini nilijua pia kwamba nilisema, "Nitakuja mimi." Hayo sikufundishwa na mtu. Sikuweza kutenganisha maneno yake na yangu kwa haraka ile, na nilipokuwa nikitafuta pa kuanzia, muuza chumvi alikuwa amekwisha kusema kwamba mambo ya wanawake yakae uani, na watu wakaanza kutawanyika.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu karakanani kwake. Hakuwepo barazani, alikuwa akimalizia mtumbwi wa mteja wa Nyanza. Nilimsimulia nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akafuta shoka lake dogo, akaliweka chini.

"Mtumbwi huu unaelea," alisema. "Haujapakwa wote, lakini unaelea. Mwambie mgonjwa ajiandae."

"Na mwenye mtumbwi?"

"Nitamjibu mimi."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Mume wangu alipiga kasia mbele, na mhunzi akaja kupiga kasia nyuma bila kuitwa. Mke wake hakunisemesha, lakini alileta jungu la uji. Mjane alilala katikati juu ya majani ya mgomba, mimi nikichota maji yaliyovuja pale ambapo hapajapakwa lami. Njiani aliamka mara chache. Mara moja aliniuliza, "Wewe ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Ego," alisema, yaani ndiyo. Sikuweza kujua kama amenisadiki.

Kambini daktari alimpapasa shingo, akaandika kitu, na kesho yake mjane akadungwa sindano. Nilikaa naye majuma kadhaa, nikipika na kumwogesha, mpaka mdogo wake alipofika kutoka mlimani kuchukua nafasi yangu. Kule niliona watu wengi wa ufuko wetu, na wengine walikuwa watu wa Machela waliokuja kwa miguu, wakitembea na kulala njiani. Mmoja aliniambia mkewe alikufa katikati ya safari. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kule Rumonge bado wanakusanya mafuta.

Hawakuwa wanakusanya tena, si kwa mjomba. Niliporudi nilikuta wanawake wamekataa kupeleka vibuyu kwake. Walikuwa wakiyaweka mafuta nyumbani kwa mke wa mhunzi, yanapimwa mbele ya kila mtu, na hayauzwi mpaka wanawake wote wameitwa. Hapakuwa na faida wala jahazi. Nilikwenda na kibuyu changu, nikatoa kama wengine. Walikipokea. Hawakunipa kazi ya kupita nyumba, nami sikuiomba. Mpango ule uliwasaidia watu, siwezi kusema haukuwasaidia. Wagonjwa walipelekwa kwa zamu, na pale mafuta yalipokwisha, watu waliambiwa yamekwisha, wakalia na kwenda zao. Ilikuwa shida, lakini hakuna aliyefichwa.

Mjomba hakuingia kwangu, wala mimi kwake. Tulikutana njiani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kila mtu akashika njia yake. Mume wangu alichonga mtumbwi mwingine kwa ajili ya yule mteja, aliyeukataa ule uliombeba mgonjwa, bila malipo, na mwaka ule hatukununua nguo.

Muda si mrefu ikaja amri ya Serikali kwamba watu waondoke ufukoni kwa sababu ya mbung'o. Vichaka vilifyekwa, nyumba nyingi zikaachwa, tukapandishwa juu mbali na maji. Wanawake wa mafuta walitawanyika, huyu kilima hiki, yule kilima kile, na mpango wao ukafa bila mtu wa kuuzika. Mjomba hakupanda mlima. Alipakia vitu vyake kwenye jahazi, pamoja na ule mlango, akarudi Ujiji.

Yule mjane aliishi. Sindano zilimponya malale, lakini macho yake yalififia kidogo kidogo mpaka hakuona tena, kama ilivyowapata wengi waliodungwa. Nilikwenda kumtembelea kwa mdogo wake, kilimani, nikiwa na mtoto wa pili. Alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua maharage kwa vidole. Nilimwamkia kwa lugha yake, "Amahoro, mama." Aliinua uso.

"Mwenye kibuyu amekuja," alimwambia mdogo wake.

Hakuniita mwana wanje. Alimpapasa mtoto kichwa, akaniuliza habari za mume wangu, akanipa maharage ya kupeleka nyumbani, na nilipoaga akasema murakoze, kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Nilishuka kile kilima nikilia, na sikuweza kumwambia mume wangu sababu, maana kwa mtu mwingine isingeonekana ni kitu.

Miaka kadhaa baada ya Wadachi kuondoka, mume wangu alipata kazi ya mitumbwi Ujiji, nami nikaenda naye. Nilikaa pale mwezi mzima kabla ya kwenda kwa mjomba. Alikuwa amezeeka, mguu mmoja unaburuta. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akaagiza kuku achinjwe. Aliwauliza watoto majina yao, akawafundisha namna ya kumwamkia. Nilingoja. Nilifikiri labda baada ya chakula, labda watoto wakitoka. Alizungumza juu ya bei ya chumvi, juu ya Waingereza, juu ya mama yangu alipokuwa msichana, jinsi alivyokuwa akicheka mpaka anakaa chini. Juu ya baraza ile, juu ya Ijumaa ile, hakusema neno.

Nilipokuwa nikinawa mikono nilimwambia, "Mjomba, yule mjane wa michikichi alipofuka."

"Mjane yupi?" aliuliza.

Nilimtazama nijue kama anadanganya. Hakuwa akidanganya, alikuwa amemsahau. Nilijifuta mikono, nikawaita watoto, nikaagana naye kwa adabu zote alizonifundisha. Alitusindikiza mpaka kwenye mlango uliochongwa, akatuombea safari njema.